Wimbo Uliomtaja Estill Napier

"Mtu huyo hakufa hivyo. Mimi nilikuwepo."

Ndiyo, hilo ndilo neno alilolitamka Mzee Corb Sizemore akashusha fidla begani katikati ya wimbo, nami nikawaachia hapohapo. Mmenilaani wiki nzima, najua. Msomaji mmoja kanitumia ujumbe kwamba nina roho ya mamba. Haya, mamba kafungua kinywa. Ingieni studio, mfunge mlango.

Ardith Caudill alikuwa bado kasimama mbele ya maikrofoni, gitaa shingoni, mdomo wazi. Wimbo ulikuwa wa kumi, wa mwisho kwenye albamu yake, na ulibakiza beti mbili tu uishe. Ulikuwa wimbo wa kifo cha baba yake.

"Mzee Corb, unasemaje?"

"Nasema ulichokisikia. Denver hakuzamishwa mtoni. Denver hata huo mto hakuufikia."

Upande wa pili wa kioo, Wendell Pruitt, prodyuza aliyekuja kutoka Nashville, mji wa wanamuziki, na viatu vyake vyeupe, akabonyeza kitufe. "Jamani, kuna nini? Ilikuwa inakwenda vizuri!"

"Nyamaza wewe," Mzee Corb akamjibu bila kumtazama.

Sasa, kwa aliyekuwa safarini wiki hizi zote, nimweke sawa upesi. Baba yake Ardith, Denver Caudill, alikufa Ardith akiwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni. Mama naye akaondoka, akaolewa mbali. Ardith akalelewa na Bibi Orpha, mama yake Denver, huko juu mlimani Kentucky, kwenye nyumba iliyo upande wa bonde usiofikiwa na jua mpaka mchana. Na kila jioni ya baridi Bibi Orpha alimwimbia wimbo mmoja: Denver alikunywa na rafiki yake, rafiki akamtamani mke wa Denver, rafiki akamsukuma mtoni.

Rafiki. Bibi Orpha hakumtaja jina. Lakini mlima una midomo. Tangu Ardith yuko shule alinong'onezwa kwamba rafiki mwenyewe ni Estill Napier, mzee mpole anayeishi na binti yake kule juu bonde linakoishia. Basi Ardith alipotunga wimbo wake mwenyewe, akaona aibu ya nini? Akalitia jina. Limekaa ubeti wa nne, wazi kama mchana.

Na Mzee Corb, aliyeitwa leo tu kuja kupamba wimbo kwa fidla, ndipo akalisikia jina hilo kwenye hedifoni kwa mara ya kwanza.

"Bibi yangu ameuimba mto huo maisha yangu yote," Ardith akasema. "Unataka kuniambia Bibi ni mwongo?"

"Bibi yako ni mwimbaji. Ubeti wa mto kauazima. Uko kwenye nyimbo chungu nzima za milimani humu, wa msichana huyu, wa mwanajeshi yule. Wewe umekulia wapi? Hujui nyimbo zetu zinaazimana beti kama jirani na jirani wanavyoazimana chumvi?"

Ardith alijua, na hapo ndipo penye uchungu. Wimbo wake wa tatu una farasi mweupe, naye hajawahi kumiliki hata punda. Alimwazima farasi kwenye wimbo wa zamani kwa sababu alikaa vizuri kwenye vina. Kila mwimbaji wa kule anafanya hivyo, wala hakuna anayemwita mwizi. Lakini wimbo wa Bibi yake hajawahi kuutazama kwa jicho hilo hata siku moja. Aliuchukua kama Injili.

"Kama si mto, ni nini?"

Mzee Corb akaanza kulegeza upinde wa fidla, polepole, kama mtu anayefunga duka.

"Lilikuwepo shimo la makaa ya mawe nyuma ya shamba la Estill. Tulichimba sisi wenyewe, watatu: Estill, Denver na mimi. Halikuwa la kampuni, lilikuwa la kupatia moto wa nyumbani tu. Siku ile ya theluji dari lilishuka. Estill na mimi tulitupwa nje. Denver akabaki ndani."

"Na Estill?"

"Estill alirudi kumchimba kwa mikono mpaka kucha zikamtoka. Ukimwona leo mtazame vidole."

Ardith akashika stendi ya maikrofoni. "Kwa nini basi akubali kuitwa muuaji miaka yote hii? Kwa nini wewe ukakaa kimya?"

"Mimi niliombwa nikae kimya, nikakaa. Uvumi ni uvumi, mwanangu, wavumishaji wakifa nao unakufa. Lakini wewe umeliimba jina. Jina likishaimbwa halifi tena, wajukuu wa wajukuu watalicheza ngoma." Akafunga fidla ndani ya kasha. "Hayo mengine kamuulize Estill. Mimi sipigi wimbo unaomzika mtu angali hai."

Akatoka, akauacha mlango wazi nyuma yake.

Ardith akageuka, akaingia chumba cha mitambo bila kubisha.

"Wendell, ufute."

"Nifute nini?"

"Wimbo. Wote. Sasa hivi."

Wendell akacheka kicheko cha mtu anayedhani ametaniwa. Alipomtazama machoni, kicheko kikamkauka.

"Ardith, nisikilize dada yangu. Albamu yako nzuri, lakini ina wazimu. Kuna wimbo wa banjo. Kuna wa dansi ya polepole. Kuna ule wa talaka yako wenye tarumbeta kama bendi ya maziko ya New Orleans. Kuna wa kanisani usio na ala hata moja. Nimewapelekea watu wa redio, wananiuliza, huyu mama ni nani hasa, tumweke fungu gani?"

"Maisha yangu hayakuwa na mdundo mmoja. Nilishakwambia."

"Sawa, na mimi nikakuunga mkono. Lakini huu ndio wimbo wa kwanza waliousikia wakasema, ahaa! Ndio umebeba zigo lote. Na unajua kwa nini? Kwa sababu ya lile jina. Jina ndilo utamu wake."

"Jina ni la mtu asiye na hatia!"

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mpumbavu wewe!"

Wendell akaangalia saa ya ukutani, kisha akaangalia viatu vyake. Ardith akaona. Mwanamke aliyeishi na mume mwongo anaijua tabia ya kutazama viatu.

"Wendell. Umefanya nini?"

"Ile ya gitaa tupu tuliyorekodi wiki iliyopita... niliipeleka redio ya hapa mlimani. Nilitaka nyumbani kwenu waupate kwanza. Niliona ni heshima. Wanaupiga leo. Kwenye kile kipindi cha asubuhi ya Jumamosi."

Kipindi hicho, wasomaji, hakuna jiko mlimani lisilokisikiliza. Wanapika maharagwe na mkate wa mahindi huku wanasubiri matangazo ya misiba, nani kafa, anazikwa lini. Na leo ndiyo kabisa, maana kesho yake ni Jumapili ya kupamba makaburi. Wanawake wote wako ndani wanakunja maua ya karatasi, redio iko wazi.

Simu ya mkononi haikuwa na mtandao bondeni humo. Ardith akaivuta simu ya mezani ya Wendell hata kikombe cha kahawa kikapinduka juu ya mitambo.

"Ardith Caudill!" mtangazaji akapaza sauti upande wa pili. Alikuwa Lonnie, aliyesoma naye. "Malkia wetu! Nakuweka baada ya misiba tu."

"Lonnie, usiupige huo wimbo. Nakusihi."

"Ah, wewe nawe! Acha haya!"

"Si haya, Lonnie. Wimbo haufai. Ni mbaya."

"Hahaa! Unamsikia? Eti mbaya! Bibi Orpha alikulea vizuri kweli, hata sifa unazikimbia."

Huo ndio mkosi wa kuzaliwa mlimani. Kule mtu mwenye adabu akisifiwa lazima akatae. Akiombwa aimbe, lazima kwanza aseme sauti imeharibika, gitaa limelegea, wimbo wenyewe hauna maana, na wenyeji lazima wamlazimishe. Ardith amefanya hivyo tangu utoto. Leo anasema kweli, anaonekana ana adabu!

"Lonnie, sikatai kwa adabu! Nakataza! Wimbo ni wa uongo!"

"Nyimbo zote za uongo, mpenzi. Haya, natakiwa nisome misiba." Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

Hakumuaga Wendell. Alitoka mbio mpaka kwenye pikapu yake, akaitia gia, akaipandisha barabara ya bonde changarawe zikiruka nyuma. Kama hawezi kuuzuia wimbo, basi angalau afike kwa Estill Napier kabla yake. Amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Apigwe, atukanwe, afukuzwe na mbwa, lakini mzee asilisikie jina lake redioni akiwa hana habari.

Redio ya gari ilikuwa inasoma misiba. Lonnie alikuwa na sauti ya msiba, tofauti na ile ya simuni. Mama fulani, wa kanisa fulani, ameacha watoto saba. Ardith akajikuta anaomba dua ya ajabu, kwamba waliokufa wiki hii wawe wengi. Akajisuta hapohapo, akaendelea kuomba.

Hawakuwa wengi.

"Na sasa, binti yetu wenyewe! Amenipigia simu sasa hivi kunikataza nisiupige, mnajua tena jinsi alivyo. Kutoka kwenye albamu yake mpya..."

Akaisikia sauti yake. Kwanza gitaa, kisha yeye. Akataka kuizima redio, mkono ukakataa. Alipita nyumba ya kwanza, mlango wa jiko uko wazi, sauti yake inatoka. Alipita ya pili, mwanamke yuko barazani na maua mapajani, kakaza shingo anasikiliza. Yule mwanamke akampungia mkono na kutabasamu. Wakati huo wimbo haukuwa umefika ubeti wa nne.

Ubeti wa nne ulimkuta kwenye daraja la mbao la kuingilia kwa Estill Napier. *Estill Napier, mikono umenawa kwa maji yaliyomzamisha.* Aliwahi kujivunia mstari huo. Alimwimbia Wendell kwa simu saa aliyoupata, wakapongezana.

Akazima gari. Wimbo ukaendelea. Ulikuwa unatoka ndani ya nyumba.

Kule mtu haendi kugonga mlango. Unasimama uani, unaita, unasubiri uitikiwe, la sivyo utakutana na bunduki. Ardith akasimama uani, akaita, "Hodi! Ni mimi, Ardith, wa Denver!"

Wimbo ukazimwa katikati.

Aliyetoka ni Wilma, binti yake Estill, mwanamke wa makamo, mikono imejaa gundi na vipande vya karatasi nyekundu. Hakutukana. Afadhali angetukana.

"Ala! Mwenyewe kaja," Wilma akasema. "Umekuja kuangalia kama amekufa? Bado. Anapumua. Ingia gari lako uende ukampe mwingine sumu."

"Wilma, nimekosea. Nimeambiwa ukweli leo, asubuhi hii. Nilijaribu kuuzuia."

"Ulijaribu kuuzuia! Uliutunga nani? Uliurekodi nani? Au nao uliuazima?"

Kutoka ndani sauti nzito ikasema, "Mwache apite, Wilma. Mgeni hasimamishwi uani nyumbani kwangu."

Wilma akasogea, lakini kidogo, ili Ardith apite kwa kujibana.

Mzee Estill Napier alikuwa kwenye meza ya jikoni, anafunga ua la karatasi kwenye waya. Vidole vilikuwa vimepinda, na vingine havikuwa na kucha, ngozi tu iliyokunjamana. Ardith aliviona, akajua Corb hakuongeza chumvi. Machozi yakamtoka kabla hajafungua mdomo.

"Umeimba vizuri," mzee akasema. "Una koo la baba yako."

"Mzee Estill, nisamehe."

"Keti kwanza. Wilma, mpe kahawa."

"Simpi."

"Nimekuja kukwambia nitakwenda redioni leo hii. Nitasema mbele ya watu wote. Nitautoa kwenye albamu. Mzee Corb kaniambia kuhusu shimo la makaa."

Estill akaliweka ua chini. "Corb kafungua mdomo? Nilidhani siri hiyo tutakwenda nayo kaburini." Akapumua. "Basi isiwe tabu. Uache wimbo ulivyo. Mimi mzee, wimbo utanifanya nini?"

"Utakufanyia nini!" Wilma akadakia. "Umeshakufanyia! Kanisani umenyimwa kuongoza nyimbo tangu mimi mtoto, na hakuna sauti kama yako bonde zima. Mama alikufa anaitwa mke wa muuaji. Mimi shuleni nilitungiwa kibwagizo, Baba, wakinizunguka wanakiimba. Na sasa jina limekwenda redioni. Halafu unasema isiwe tabu!"

"Wilma."

"Nimechoka, Baba! Kama humwambii, namwambia mimi."

"Wilma, niliapa."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa." Akamgeukia Ardith. "Corb kakwambia kwa nini baba yako aliingia shimoni siku ile?"

"Kuchimba makaa."

"Makaa ya nani?"

Ardith hakuelewa.

"Mlima ulikuwa unasema siku hiyo. Dari lilikuwa linalia tangu alfajiri, nguzo zinapasuka, hakuna mwanamume mwenye akili ambaye angeingia. Lakini theluji ilikuwa imeziba njia, na kwenu makaa yameisha, na mlikuwa na mtoto ana homa ya mapafu, anahema kama mbwa mwenye kiu. Mtoto mwenyewe ni wewe. Denver akasema, naingia mara moja tu, ndoo moja ya kumpashia mtoto joto. Baba yangu na Corb wakamfuata, maana hawakuweza kumwacha aende peke yake."

Ardith akaweka kiganja kifuani, juu ya mapafu yaleyale.

"Baada ya maziko," Wilma akaendelea, sauti sasa imeshuka, "bibi yako alikuja akakaa hapo ulipokaa. Akasema mtoto huyu akikua akajua baba yake alikufa kwa ajili yake, atabeba vipi? Heri awe na mtu wa kumchukia. Na baba yangu, mpole hadi ujinga, akasema basi anichukie mimi."

Ardith akalia. Hakulia kwa kujificha, alilia kwa sauti kama mtoto aliyeanguka. Albamu nzima ilikuwa ya kujitazama, nyimbo kumi za kujiuliza yeye ni nani na ametoka wapi. Watu wa Nashville walimsifu kwamba kajichimba mpaka mwisho. Kumbe hata ngozi hakuikwaruza.

"Kesho," akasema alipoweza kusema, "kesho makaburini, watu wote wakikusanyika, nitasimama na nitausema ukweli."

"Hutasimama," Estill akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Bibi yako yuko hai. Atakuwa amekaa pale mbele, kwenye kiti chake. Unataka umvue nguo mbele ya mlima mzima? Mimi nimebeba mpaka hapa. Niache nimalize."

Hapo ndipo kila mtu aliposikia mlango wa gari unafungwa uani.

Wakasubiri hodi. Haikuja. Badala yake zikaja hatua, na fimbo, na hatua, moja kwa moja hadi barazani, na mlango wa jiko ukasukumwa na mtu ambaye hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Bibi Orpha Caudill alikuwa amevaa aproni yake ya jikoni juu ya gauni la kutokea. Tangu siku zile za maziko ya mwanawe hakuwa amekanyaga nyumba hiyo. Uani, kijana wa jirani aliyemleta alikuwa kaacha injini inaunguruma, hathubutu kushuka.

"Nani alikupa ruhusa ya kutia jina?" akamuuliza mjukuu wake.

"Bibi..."

"Nimekuuliza. Mimi nimeuimba wimbo ule mpaka sauti imeniisha, jina sijatia. Nilisema rafiki. Nani alikwambia ni Estill?"

"Kila mtu, Bibi! Kila mtu anasema ni yeye, na wewe hukuwahi kumkatalia hata mmoja!"

Hilo lilimpata. Bibi Orpha akashika ukingo wa meza. Wilma, aliyekuwa na maneno ya kumtosha mwaka mzima, akajikuta anamvutia kiti, na bibi kizee akaketi.

"Orpha, pumzika," Estill akasema taratibu. "Mtoto kashaambiwa. Anajua habari ya homa na makaa. Anajua ulifanya kwa ajili yake. Hakuna atakayekulaumu."

Bibi Orpha akamgeukia.

"Kwa ajili yake," akasema. "Estill Napier, umekuwa ukiamini hivyo miaka yote?"

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Nilikudanganya. Kama nilivyomdanganya yeye."

"Orpha, inatosha."

"Haitoshi. Ungekuwa umenifukuza siku ile ningekushukuru." Akamshika Ardith mkono. Vidole vya Bibi vilikuwa baridi. "Hawa wamekwambia dari lilishuka, baba yako akafa. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Hakufa. Dari lilipomfungia alikuwa mzima. Alikuwa upande wa pili wa kifusi, anaimba, ili hawa wawili wajue pa kuchimba."

Estill akafunika uso kwa viganja vyake.

"Walichimba, Ardith. Usimsikilize mtu, walichimba. Mimi nilikuwa mdomoni mwa shimo, nimemshika huyu Wilma mkono, katoto tu, kanamlilia baba yake. Nasikia mwanangu anaimba. Kisha dari likaanza kusema tena. Nikajua likishuka mara ya pili linachukua wote watatu, na bonde hili litabaki la wajane. Nikawaita watoke. Wakakataa. Estill alinitukana, na alikuwa na haki. Nikawaambia, mimi ndiye mama yake, na mimi nasema basi."

"Wakatoka?" Ardith akauliza, ingawa alijua.

"Wakatoka. Denver alikuwa bado anaimba."

Uani kijana wa jirani alizima injini.

"Siku hiyo hiyo nilianza kumtafuta mtu wa kulaumu," Bibi Orpha akasema. "Sikuutunga wimbo kwa ajili yako, mjukuu wangu. Niliutunga ili nisilale na mimi mwenyewe kitanda kimoja. Kila nilipoimba *rafiki*, nilikuwa nasema mimi."

"Bibi, uliwaokoa," Wilma akasema, akashangaa mwenyewe kwamba ni yeye aliyesema. "Uliniachia baba."

"Nilikuachia baba, nikamnyang'anya huyu wake. Yote mawili ni kweli, na mimi nimeimba uongo." Akaegemea fimbo, akasimama, mfupi, aproni ina unga. "Umetaka jina kwenye wimbo, Ardith? Umesema wimbo bila jina hauna nguvu, nilikusikia siku ile ulipohojiwa redioni. Vema. Kesho makaburini, mbele ya watu wote, utauimba. Toa la Estill, uweke langu. Orpha Caudill."

"Siwezi, Bibi. Siwezi kukuimba kama muuaji."

"Usipoimba wewe," Bibi Orpha akasema, akielekea mlangoni, "nitaimba mimi. Na mimi, sauti imeisha, lakini ubeti huo nitaufikisha."